Nilishinda tenda ya kutunza kituo cha utafiti Mbulu: mlango ulipona, mbegu zikafa

Wakuu, heshima kwenu, na mlionizidi umri shikamooni.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauacha. Majina nimebadilisha na kituo sikitaji, ila mengine yote yalitokea na nilikuwepo, tena nikiwa na dekio mkononi.

Mimi ni mkandarasi. Msishtuke, si wale wa magreda. Kampuni yangu ina watu wawili, mimi na shemeji yangu, na ina ngazi moja, muhuri mmoja na chumba cha kupanga hapa Mbulu mjini nyuma ya duka la mbolea.

Basi nikaomba tenda kwenye mfumo wa manunuzi ya serikali, nikashinda. "Matengenezo na Uendeshaji wa Miundombinu ya Kituo cha Utafiti." Hilo jina nililisoma kwa sauti pale nyumbani hadi mke wangu akaniambia nije kwanza nile.

Kituo chenyewe ni kidogo. Nyumba tatu, uzio, kipima mvua, na chumba cha baridi.

Chumba cha baridi ndicho kituo chenyewe, hayo mengine ni mapambo. Humo zilitunzwa mbegu za asili, maharage, mtama na ulezi, zilizokusanywa kijiji kwa kijiji kutoka kwa wazee ambao pengine ndio wa mwisho kuzilima. Kila bahasha iliandikwa jina la aliyetoa.

Aliyezikusanya ni mtafiti, nimwite Dada Neema. Huyu dada amepanda vilima vya Tlawi kwa miguu, ameshuka hadi Masakta kule Hanang, miaka nenda miaka rudi, akiomba mbegu konzi moja hapa, konzi mbili pale. Ujana wake wote umo kwenye zile bahasha.

Sasa oneni akili kubwa ilivyofanya kazi. Mkataba uligawanywa loti tatu.

Loti ya kwanza, majengo na usafi, ni mimi. Loti ya pili, mitambo, ni kampuni ya mbali ambayo fundi wake anatokea kila baada ya miezi mitatu. Loti ya tatu, ulinzi, ikijumuisha ufunguo wa chumba cha swichi.

Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa wangu kwa upande wa nje. Upande wa ndani ulikuwa wa loti ya pili. Sitanii, iliandikwa hivyo na tukasaini. Bawaba hazikutajwa ni za nani, nadhani zilikuwa zinajitegemea.

Nikapewa na fomu ya ukaguzi, vipengele thelathini na kimoja. Rangi ya uzio, tiki. Nguzo ya kipima mvua, tiki. Mlango wa chumba cha baridi, rangi na kitasa, tiki. Kipengele cha kuuliza huko ndani kuna baridi kiasi gani hakikuwepo. Nadhani waliona ni umbea.

Dada Neema akaenda likizo ya uzazi. Siku anaondoka, tumbo liko mbele, mkoba begani, akaniambia, "Kaka, niangalizie chumba changu."

Nikamjibu, "Usijali dada, kipo kwenye mikono salama."

Hilo jibu lishikeni, nitalirudia.

Kipupwe kikaingia. Ambaye hajafika Mbulu wakati huo, ukungu unashuka hadi mlangoni, ukiongea moshi unatoka mdomoni, na mtu mzima anavaa makoti mawili halafu anajifunga shuka juu yake.

Mlinzi wetu, Mzee Tluway, akapata wazo.

"Nje yenyewe ni friji," akasema. "Sasa tunanunua baridi ya nini?"

Akazima swichi ya chumba cha baridi. Mkuu wa kituo alipojulishwa alimpongeza mbele yetu sote, maana umeme wa LUKU sasa ulikuwa unafika mwisho wa mwezi na chai ya saa nne haikosekani. Wakuu, na mimi nilipiga makofi. Niliona mzee ana kichwa.

Hili kosa lisingetokea Dar. Huko hakuna mtu atakayezima friji kwa sababu ya hali ya hewa. Kosa hili linataka watu wa baridi, waliozaliwa kwenye baridi, wanaojiamini na baridi yao.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ule mtambo haukuwa unapoza tu. Ulikuwa unakausha hewa. Ulipozimwa, barafu iliyoganda ndani ikayeyuka, unyevu ukakosa pa kutokea, na mbegu zilikuwa kwenye bahasha za karatasi. Zile nzuri zisizopitisha unyevu zilitangazwa kama loti ya nne, haikupata mwombaji, ndiyo maana zikabaki tatu.

Na unyevu haukuweza kutoka kwa sababu mlango ulikuwa unafunga vizuri ajabu. Mpira wake niliubadilisha mimi. Kazi safi kabisa.

Wiki moja nikakuta maji yamechirizika chini ya mlango.

Nikayafuta. Nikaandika kwenye fomu, "Sakafu: safi."

Wiki iliyofuata nikakuta tena. Nikafuta. Hapo nikampigia fundi wa loti ya pili, akaniambia nikigusa kitu chochote cha ndani waranti inakufa na nitalipa mimi. Nikaona kumbe sheria iko upande wangu. Wiki ya tatu nilikuja na dekio jipya.

Ningeweza kumwambia Mzee Tluway awashe swichi. Ilikuwa hatua kumi kutoka pale niliposimama. Sikusema, kwa sababu swichi haikuwa loti yangu.

Dada Neema akarudi, mtoto mgongoni. Hata ofisini hakuingia, alikwenda moja kwa moja kufungua chumba chake.

Ile harufu ilitufikia tukiwa kwenye chai. Tulipofika tukamkuta amekaa chini sakafuni, bahasha zimemzunguka, zimeota ukungu wa kijani, nyingine zimetobolewa na fukusi. Alikuwa anasoma majina ya waliotoa, moja moja, kwa sauti ndogo.

Akazifunga mbegu kwenye vitambaa vibichi ili aone kama zitachipua. Siku zikapita. Kitambaa baada ya kitambaa, hakuna kilichoamka.

Akaniita pembeni. "Kaka, haya maji uliyaona lini?"

Nikamwambia nilikuwa nayafuta.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimhamisha mtoto bega la pili, akaondoka.

Kikaitishwa kikao, na kwa kweli kilikuwa kikao kizuri, kilikuwa na chapati. Kila loti ikaleta karatasi zake. Zangu zote tiki. Fundi wa mitambo, aliyesafiri kutoka mbali, alitusifu kwamba mtambo umetunzwa sana, haujachoka hata kidogo. Nani angebisha, ulikuwa umelala miezi mitatu. Mzee Tluway akathibitisha kwamba hakuna kilichoibiwa. Mkuu akakumbusha habari ya umeme tuliookoa.

Muhtasari ukaandikwa kwamba wazabuni wote wametimiza wajibu wao kwa mujibu wa mikataba. Yaani mbegu zilijiua.

Dada Neema hakubishana nao. Aliniambia anataka kwenda kwa waliotoa mbegu awaambie ukweli, na ikiwezekana aombe nyingine, na kwamba usafiri nitatoa mimi. Hakuniuliza kama naweza. Nikawasha pikipiki.

Tulianzia Masakta. Mzee aliyetoa mtama wake mwekundu alishafariki. Tulimkuta mwanawe anafunga kwato za ng'ombe dawa. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sisi hatuna tena. Si tuliwapa nyie? Mlisema kwenu ni salama zaidi."

Akarudi kwa ng'ombe wake. Ule mtama haupo tena, wakuu. Hakuna nilipoweza kuupata sokoni wala shambani kwa mtu, na nimeutafuta.

Siku ya pili tukapanda Tlawi kwa Bibi Paskalina. Huyu alitoa maharage yenye madoa mekundu, yanayoiva haraka hata kwa kuni mbichi na hayaogopi baridi. Watu waliyaacha kwa sababu wanunuzi wanataka maharage ya rangi moja.

Tukaamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha jikoni kwenye joto. Dada Neema akamweleza yote bila kupunguza, hadi ile harufu.

Bibi akauliza, "Nani alikuwa anatunza?"

Nikasema, "Ni mimi bibi. Ila mimi nilikuwa mlango."

"Mlango?"

Nikaanza kumfafanulia habari za loti. Nilieleza vizuri tu, nina uzoefu. Bibi alinisikiliza huku akichochea moto, halafu akanirudishia.

"Mlango ulikuwa wako. Baridi ilikuwa ya yule wa mbali. Ufunguo ulikuwa wa mlinzi. Sasa mbegu ilikuwa ya nani?"

Wakuu, nimejibu maswali ya wakaguzi mbalimbali. Kwa hilo niliona aibu, nikatazama viatu vyangu.

Bibi akainuka taratibu, akaangua kibuyu kilichoning'inia juu ya meko, cheusi tii kwa masizi, mdomo umezibwa na majivu. Akakizibua. Maharage, makavu, mazima, madoa yake mekundu yanang'aa.

"Niliwapa nusu," akasema. "Serikali ni ya kupewa, lakini haipewi zote."

Dada Neema akalia kwa nguvu hadi mtoto akaamka. Akatanguliza kitambaa chake apokee, lakini bibi akampita, akasema huyu ana mtoto wa kunyonyesha. Akaniambia mimi nivue kofia.

Akanipimia konzi tatu. Masharti yake yalikuwa ya zamani, yale ya kukopeshana mbegu: nipande kwangu mwenyewe, nikivuna nirudishe konzi sita kwake, zinazobaki nimpe Neema. Na zikichipua, nije nimwambie kwa mdomo wangu. Si kwa simu.

Hatukusaini popote. Nilirudi kichwa wazi kwenye ile baridi, kofia nimeikumbatia kifuani, nikaendesha taratibu kuliko siku zote.

Mkataba wangu na kituo ulipoisha nikapokea barua. Nilidhani ni onyo. Kumbe cheti cha utendaji bora, alama zote, kimepigwa muhuri. Shemeji alitaka tukitundike ofisini. Nikakiweka kabatini, uso chini.

Tenda ikatangazwa upya. Nikaifungua kwa hamu nione wamejifunza nini. Wameongeza kipengele kimoja kwenye loti ya kwanza: mzabuni atafuta maji mlangoni mara mbili kwa siku, yatakapoonekana.

Niliomba tena, ila safari hii niliongeza mstari wangu: kila asubuhi mzabuni atafungua mlango na kusoma kipimajoto. Nikaenguliwa. Sababu, kutofuata vigezo vya zabuni.

Sina kinyongo. Nina matuta nyuma ya nyumba, pale ambapo mke wangu alitaka viazi. Kila alfajiri natoka na koti kwenda kuyatazama kabla sijanywa chai, na hakuna fomu yoyote ya kutiki.

Jumatatu iliyopita udongo ulipasuka. Nikawasha pikipiki hadi Tlawi, nikaamkia, nikasema, "Bibi, zimechipua."

Akaniuliza swali moja tu. "Umeziona mwenyewe, au umeambiwa?"

Nikamwambia nimeziona mwenyewe. Ndipo akanikaribisha ndani.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kutimiza kila kilichoandikwa na bado akawa ameua alichopewa kutunza. Dada Neema aliponiomba nimwangalizie chumba, nami nikamjibu kipo kwenye mikono salama, hakuniomba nimwangalizie mlango, na mimi nilijua tofauti hiyo tangu siku ile.

Wenye loti zenu humu, wahandisi, maafisa manunuzi, walinzi, uwanja ni wenu, hata mkija kunichapa nitasoma. Na kama kuna mtu wa Hanang ambaye nyumbani kwao bado kuna mtama ule mwekundu, hata konzi moja juu ya meko, naomba aniandikie. Nitaufuata mwenyewe, na kofia ninayo.