Waliniandika Dereva

Mimi ni Ngendo, nauza mayai na unga hapa Kimbo, Ruiru, karibu na steji. Shule sikuenda. Kusoma Kiswahili nilijifunza kanisani nikiwa tayari na mtoto, nikifuata mistari ya nyimbo kwa kidole. Kiingereza hakikuniingia. Kwa hivyo karatasi yoyote ya Kiingereza inayotaka sahihi yangu husomwa na watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Nilifundishwa hivyo na ndugu za mume wangu. Alipokufa waliniletea karatasi wakasema ni ya gharama za mazishi. Shemeji mkubwa alinisomea mwenyewe, polepole, huku amenishika bega. Nikaweka kidole. Miezi mitatu baadaye niliambiwa nimewaachia shamba letu la Gatanga. Nilikuja Ruiru na godoro, na binti yangu Lynn mgongoni. Wao bado wanauza maparachichi ya miti niliyopanda mimi. Sijawasamehe, na mchungaji anajua.

Hapa nilianza na trei moja ya mayai. Imenichukua miaka ishirini na moja kupata ploti na vyumba vinne vya kupangisha. Lynn naye akawa nesi, akapata kazi kliniki moja ya Thika, zamu zinaanza alfajiri. Alipofaulu mtihani wa udereva nilinunua gari dogo jeupe, la mkono wa pili, kwa jina langu. Yeye ana miaka ishirini na mbili. Leseni yake ilikuwa na wiki mbili.

Bima ndiyo iliyomleta Kinyanjui. Ni wakala, na anaimba kwaya kanisani kwetu. Ijumaa alimtumia Lynn fomu, Lynn akanisomea jikoni. Jumamosi akaja mwenyewe dukani, Lynn akiwepo.

"Mathe, habari ya biashara?"

"Biashara iko. Soma."

Akanieleza kwanza. Kuna thadi pati, hiyo hulipa mtu mwingine ukimgonga, gari lako ni shauri lako. Na kuna bima kubwa, ambayo hulipa hata gari lako. Shida ni dereva mchanga. Kama hajafika miaka ishirini na tano, au leseni haijamaliza miaka miwili, kampuni humwogopa. Akipata ajali mnatoa kiasi kizuri mfukoni kabla wao hawajatoa chao.

"Na hii yetu ni bima kubwa. Mbona ni rahisi hivi?"

"Nimewapangia vizuri, Mathe."

Mtu akiniambia amenipangia vizuri, mimi huangalia mlango uko wapi. Akasoma: jina langu, namba ya gari, tarehe, bei. Alifika mwisho wa ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akaufunika, akaruka hadi pa sahihi. Nikakumbuka jikoni. Lynn pia aliufunua huo wa pili na kuufunika haraka, na hapo wote wawili walisema neno lile lile: "Hapa ni mambo ya kawaida tu."

Wasomaji wangu wawili walikuwa wamesikizana.

"Weka sahihi hapa, sistimu inafungwa saa saba."

"Wacha ifungwe," nikasema, nikaichukua fomu.

"Mum, usianze," Lynn akasema. "Huyu si mtu wa barabarani. Ni Kinyanjui wa kwaya."

"Na amu yako alikuwa mzee wa kanisa. Kinyanjui, niangalilie mayai."

Mlango wa tatu kutoka kwangu ni Aoko, fundi wa nguo, mtu wa Siaya, aliyemaliza fomu foo. Nilimpa ukurasa wa pili peke yake. Alitoa pini mdomoni akaanza kucheka.

"Yawa, Mama Lynn! Kumbe unaendesha na hujawahi kunibeba?"

"Naendesha nini?"

"Hapa wanauliza nani ataendesha gari. Wameandika Ngendo, miaka arobaini na tisa, leseni ya miaka kumi na minane. Wewe, hata wilbaro inakushinda!"

"Na Lynn?"

"Dereva mwingine: hakuna. Lynn hayuko."

Alisoma chini zaidi na kicheko kikaisha. Ilikuwa imeandikwa kwamba nikidanganya, kampuni inaweza kukataa kulipa gari, na kama italazimika kumlipa aliyeumizwa, itanirudia mimi niliyeweka sahihi. Nilisimama pale nikivihesabu vyumba vyangu vinne.

Niliporudi, Kinyanjui alikuwa amesimama.

"Mathe, karibu kila mzazi hufanya hivi. Anaandikwa yeye, mtoto anaendesha."

"Hiyo leseni ya miaka kumi na minane uliitoa wapi?"

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Lynn. Hapo ndipo nilipojua.

"Ni mimi nilimwambia," Lynn akasema. "Tuliweka namba ya leseni yangu, tukabadilisha mwaka. Bei ya ukweli ingekushinda, Mum. Ungeuza gari."

"Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza? Wewe huamini mtu! Hata mimi unaniona kama hao wa Gatanga?"

"Leo, ndiyo."

Alilia. Sikumgusa. Mashemeji zangu sikuwazaa, na hawakuwahi kula ugali wangu miaka ishirini na mbili kabla ya kuniletea karatasi.

Nilimwambia Kinyanjui atoe fomu nyingine. Kwa ukweli, bima kubwa ilinishinda, kama Lynn alivyosema. Tulichukua thadi pati, ile ya mwezi mmoja mmoja.

"Gari lenu likiumia mtajijua," Kinyanjui akasema, sauti ya kwaya imemtoka.

"Tutajijua. Lynn, andika wewe. Jina lako, miaka yako, na tarehe uliyopewa leseni."

Aliandika akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Aoko alikuja akatusomea yote kwa sauti, wapita njia wakasikia, ndipo nikaweka sahihi.

Jumatatu, kabla hakujapambazuka vizuri, Lynn alilitoa gari kinyumenyume. Hatukuwa tumesemeshana tangu Jumamosi. Nilikuwa nimeshika geti. Alikata kona mapema, na mlango wa kushoto ukakwaruza nguzo ya geti kuanzia nyuma hadi mbele. Rangi nyeupe ilibaki kwenye saruji.

Alishuka, akapitisha mkono kwenye ule mkwaruzo. Kwa bima tuliyo nayo, hakuna wa kuulipa. Aliniangalia; sikujua kama anangoja nimlaumu, au atanilaumu mimi.

"Umechelewa," nikamwambia. "Rudi mbele kidogo, halafu ukate polepole."

Alirudi mbele, akakata polepole, akaenda kazini.