Basi Linalotekenya

Nilitoka Tanga kwa basi la alfajiri nikiwa na mke wangu, begi moja la nguo na chupa ya chai. Chupa hiyo ilipita Dubai, ikalala nasi sakafuni kwenye uwanja wa ndege wa Bangkok, ikafika Hong Kong, na kutoka hapo tukapanda treni. Kila kituo mke wangu aliniuliza kama ndipo. Nilimjibu bado kidogo, kwa sauti ya mtu anayeijua njia. Tangu ujana sikuwahi kutulia mahali. Yeye alinifuata akiamini kwamba safari hii ingekuwa na mwisho.

Tulifikia Shiling, mji wa mikoba ya ngozi pembezoni mwa Guangzhou. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, wakati ambapo hata kule Dengfeng, mtaa wa Guangzhou uliokuja kujaa Waafrika, ukimwona Mswahili unavuka barabara kumsalimia. Kazi yetu ilikuwa kununua mikoba na kuituma Dar es Salaam. Vyumba vilitushinda bei, kwa hiyo tukapanga kwenye basi.

Lilikuwa basi kweli. Mwenye karakana tuliyonunua kwake, tukimwita laoban kama wafanyabiashara wote wanavyowaita mabosi wa huko, alikuwa amenunua basi kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko na sinki. Alitaka siku moja awapeleke watu wake kaskazini walikotoka, wakilala humo humo njiani. Safari hiyo iliahirishwa kila mwaka. Basi likakaa uani nyuma ya karakana, na umeme wake ulikuwa waya mmoja mrefu uliotoka dirishani kwake, ukapita juu ya kamba ya nguo, ukaingilia upande wa dereva.

Mke wangu alikuwa na mimba changa aliposema jambo lililonifanya niache kula.

"Bwana, hili basi linanitekenya."

Alisema akicheka. Nikamwomba anionyeshe. Akafanya alivyofanya kila siku: akavua ndala chini ya mlango, maana kwetu mtu haingii ndani na viatu, akasimama pekupeku kwenye saruji yenye maji, akashika mpini ili apande. Aliutoa mkono haraka, akaupangusa kwenye kanga.

"Si unaona? Kama sisimizi."

Nilivua viatu nami, nikagusa. Sisimizi wale walinipanda mpaka kwenye kiwiko.

Laoban hakuwahi kuwahisi, kwa sababu alipanda humo na ndala zake za mpira. Nilipomweleza kwa mikono na maneno machache ya sokoni, alicheka, akanyanyua mguu kunionyesha soli, kisha akamletea mke wangu ndala mpya kama zake. Alizivaa siku za mwanzo. Baada ya hapo miguu ikawa inajivua yenyewe kila alipofika mlangoni. Nilipomgombeza alinitazama kama aliyetukanwa.

"Nitaingiaje na viatu mahali ninaposali?"

Mvua za kule zilikuwa zimeanza, zile zinazomwagika mpaka ua unakuwa bwawa. Nyumbani niliwahi kumwona mbuzi aliyeegemea ukuta wa bati wa jirani baada ya mvua, mahali waya ulipochubuka. Alikuwa amesimama, kisha akawa amelala, bila sauti yoyote katikati. Nilimkumbuka mbuzi huyo kila wingu lilipotanda. Nikiwa mjini naangalia mizigo, radi ikinguruma nilikatisha mapatano na kukimbilia gari la kurudi Shiling. Wenzangu walinitania kwamba mke wangu amenifunga kamba. Nikifika nilimkuta anakatakata vitunguu, ananiuliza mbona natweta.

Mwishowe laoban alikubali tufanye kazi ya maana: kusimamisha nguzo fupi kando ya basi, kuweka juu yake sanduku lenye kifuniko na soketi ndani, kuupitisha waya ndani ya bomba chini ya ardhi, na kulifungia bodi la basi waya wa ardhini, ule unaoupeleka chini umeme uliovuja ili usipite kwa mtu. Baada ya kidato cha nne niliwahi kumsaidia mjomba wangu kutandaza nyaya kwenye nyumba za watu. Laoban alijifungia mwenyewe umeme wa mashine zake. Tukaona tunatosha.

Alitoa kebo iliyobaki karakanani. Ndani yake mlikuwa na waya mwekundu, mweusi na wa kijani. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu. Nilivyofundishwa Tanga, mwekundu una moto, mweusi unarudisha, wa kijani ni wa ardhini. Sikujua kwamba kwenye mashine zake moto uliingia kwa nyaya tatu za rangi tofauti, na kijani ilikuwa mojawapo. Akaunganisha upande wake alivyozoea.

Alisimama mlangoni mwa karakana, karibu na swichi kubwa aliyokuwa ameizima. Mimi nilipiga magoti kando ya basi na spana mkononi. Mke wangu alikuwa ameshavua ndala zake, anasubiri apande akachemshe maji. Nikainua waya wa kijani juu ili laoban auone, nikamuuliza kwa ile lugha yetu ya nusu nusu.

"Huu?"

"Huo," akajibu, akageuka kuingia ndani.

Hakuna Mchina aliyewahi kunijibu kwa ufasaha namna hiyo. Nikaufunga waya kwenye bodi la basi, nikakaza nati.

"Amesema nini?" mke wangu akauliza.

"Amesema huo."

"Huo wa kwetu au huo wa kwao?"

Sikumwelewa. Alikuwa anaupeleka mkono kwenye mpini.

"Huo kwao ni moto," akasema. "Kila nikimwomba mkewe kiberiti namsikia analitaja neno hilo."

Nilipiga kelele, sijui kwa lugha gani. Laoban alitoa kichwa nje, mkono wake ukiwa kwenye swichi, hajaiwasha bado.

Nililegeza nati. Nikaulaza waya wa kijani juu ya ubao mkavu, nikamsukuma mke wangu mpaka ukutani, ndipo nikamfanyia laoban ishara awashe. Nilipoigusa ncha yake kwa testa, kile kitaa kidogo ndani yake kikawaka. Laoban alizima, akaja, akaangalia waya, akaangalia tundu la nati kwenye basi, akaiangalia miguu ya mke wangu. Alidhani nimemuuliza ni upi wenye moto niufunge kwenye soketi. Akachuchumaa, akavua ndala yake moja, akakaa ameishika tu.

Tulirudia kazi yote. Tulipigilia chuma kirefu ardhini, akanunua swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, akazungushia utepe mwekundu kila mahali kijani ilipoonekana. Basi likaacha kutekenya. Hata hivyo nilimfundisha mke wangu kuligusa kwanza kwa mgongo wa mkono, ili umeme ukimpata mkono uruke badala ya kung'ang'ania. Alifanya hivyo mpaka tumbo likawa kubwa.

Alitaka kujifungulia kwao, na tulipokata tiketi nilijua sitarudi Shiling. Asubuhi ya kuondoka mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Laoban alikuja kutuaga. Hakuzima umeme. Alivua ndala zake, akazipanga kando ya za mke wangu, akasimama pekupeku ndani ya maji, akaushika mpini kwa kiganja kizima huku akimtazama mke wangu. Nilimwangalia usoni mpaka alipouachia.

Mke wangu alicheka. Akaweka kiganja ubavuni mwa basi, akalipapasa kama mtu anavyompapasa ng'ombe.

"Limetulia," akasema, akavaa ndala zake.

Wakatangulia kwenda getini. Mlango wa basi ulikuwa umebaki wazi. Niliweka begi chini, nikaufunga kwa mgongo wa mkono.