Mlima Usio na Uso

Ukungu bado umelalia mashamba ya viazi, na Zoila Pilatasig anagonga ngozi ya kondoo kwa ukucha. Inalia kama ngoma.

"Hii imekauka," anamwambia mwanafunzi. "Ile ya juzi ilikuwa mbichi. Rangi ingepasuka kama kisigino chako."

Hapa Chimbapamba, nyanda za juu za Ekwado, Zoila, mwenye miaka sitini na mitatu, huwafundisha wanaoanza kuchora mandhari. Ngozi huwambwa kwenye fremu ya mbao, brashi hutengenezwa kwa manyoya ya kuku. Picha ndogo ni dola kumi na tano. Mwezi mbaya haiuzwi hata moja, naye hurudi kwenye viazi.

Hana maneno mengi. Anza na cha mbali, uje karibu: mbingu, milima, mashamba, kisha watu na kondoo. Cha mbali kitie buluu kipoe. Na mlima upewe macho, pua na mdomo, kwani mlima ni mzee wa ukoo, na mzee hachorwi bila uso.

Hapo ndipo mwanafunzi wake, Melania Chusín, alipokwama.

Masika yaliyopita, tope la mlima Yanaurku lilimfunika mumewe, Segundo, akichunga kondoo. Mwili haukupatikana. Kesho ni Siku ya Wafu. Kila familia itakula mkate na uji wa rangi ya zambarau kaburini kwa mtu wake. Melania hana kaburi. Picha anayoichora ya mlima huo ndiyo atakayoisimamisha makaburini, lakini Zoila haruhusu picha isiyokamilika itoke mlangoni.

Wiki nzima wenzake walimtania kwamba mlima wake ni kiazi kilichosahaulika shambani. Leo hakuna anayetania.

"Siupi uso, mama," anasema Melania. "Ulimla mume wangu."

Zoila hambembelezi. Anamsogezea kikopo cha rangi nyeusi.

"Kisicho na uso utakilaumu vipi, mwanangu? Upe uso, halafu uusemeshe."

Uji wa shayiri unapoa mbele ya Melania. Kisha anachovya unyoya. Anachora pua, anachora mdomo uliofumbwa. Macho anayachora kwa mistari miwili, yamefungwa.

"Umelala," mmoja ananong'ona.

"Haujalala," anasema Melania. "Unaona haya."

Zoila anaileta picha karibu na pua yake. Mtoto wa jicho ameshalifunika jicho lake la kushoto, na anatafuta mtu wa kumwachia darasa hili kabla la kulia halijafuata. Hasahihishi kitu. Anamwambia Melania aje Jumatatu na mapema, kuna wawili wapya wanaokuja kujifunza kuwamba ngozi, na yeye ndiye atakayewaonyesha.

Melania anaifunga picha ndani ya shali yake, uso wa mlima ukielekea kifuani.

"Nitakuja," anasema. "Na mwakani nitaufumbua macho. Kwanza unisikilize."