Sufi ya Kijani

Mtaa mzima ulimwita Mama Kiwiko, kwa sababu masweta huanza kufa viwikoni, na yeye ndiye aliyeyafufua. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye meza ileile chini ya dirisha, miwani puani, akifuata sheria moja: kiraka kikionekana, kazi haijaisha. Mteja aliyeweza kuonyesha kwa kidole palipokuwa na tundu alirudishiwa hela yake. Waliowahi kurudishiwa ni wawili, na mmoja alibahatisha.

Jumatatu alikuja mwalimu mstaafu wa hesabu, amebeba sweta la kijani kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala. Marehemu mkewe ndiye aliyemfumia. Mwalimu alikuwa akilipiga pasi, akaenda kutazama chai jikoni, akarudi akakuta tundu la ukubwa wa kisoda kifuani.

"Binti yangu anafika Ijumaa," alisema. "Kitu cha kwanza atakachouliza ni sweta alilofuma mama yake. Asijue."

"Hatajua," alijibu Mama Kiwiko.

Hapo ndipo alipokosea, ingawa mwenyewe alidhani kosa lilikuja baadaye. Kuziba tundu ni kazi ya fundi. Kuapa kwamba halikuwapo ni kazi nyingine kabisa.

Kabatini hakukuwa na uzi wa kijani kile. Binti wa kaka yake, aliyekuwa akiishi naye, alinyoosha mkono achukue simu.

"Shangazi, lete nikuagizie."

"Kwani mimi sikusoma?"

Akaandika mwenyewe kwenye duka la mtandaoni, kwa kidole kimoja: sufi kijani. Akalipia na ada ya kuletewa haraka.

Jumatano asubuhi mwenye pikipiki alishusha mfuko uliomzidi kimo Mama Kiwiko. Ndani mlikuwa na kilo tano za sufi, ile ya kujazia mito, nyeupe pe. Mfuko ulikuwa wa kijani.

Mama Kiwiko alimpigia muuzaji. "Niliagiza uzi wa sufu!"

"Mama, soma ulichoandika. Sufi, kijani. Tumehangaika sana kupata mfuko wa rangi hiyo."

Alisoma. Akakata simu. Binti alikuwa amegeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Cheka tu, upasuke."

"Sicheki, shangazi. Nimepaliwa na sufi."

Uzi mwingine usingewahi kufika. Binti akamlipia somo la mtandaoni. Mfundishaji, msichana mwenye pete kila kidole, alionyesha kuziba tundu kwa rangi inayopiga kelele. "Usifiche," alisema. "Sweta limeishi."

"Huyu anauza uvivu," alisema Mama Kiwiko. Alimtazama hadi mwisho, kisha akaanza tena mwanzo.

Alhamisi alichukua uzi wa manjano, akaokota vitanzi kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja kilicholegea.

Mwalimu alipokuja kulichukua Ijumaa, alilitazama kwa muda mrefu.

"Hii inaonekana toka ng'ambo ya barabara."

"Ndiyo."

"Nilisema asijue."

"Na mimi nilikubali, nikakosea. Mpigie, Mwalimu. Mwambie kabla hajafika."

Mwalimu alisimama kama anayesubiri darasa linyamaze. Kisha akapiga, sauti ikitoka nje kwa sababu hakujua pa kuizimia.

"Mwanangu, nimeliunguza sweta alilofuma mama yako. Kwa pasi."

Binti yake akauliza: "Na wewe pia?"

"Pia na nani?"

"Na mama. Aliliunguza mgongoni, mwaka niliomaliza shule. Akaniapisha nisikwambie."

Mwalimu alitafuta kiti. Mama Kiwiko alilinyakua sweta, akaligeuza, akawasha taa ya mezani. Alitafuta kwa macho, halafu kwa vidole, halafu kwa lenzi. Ilimchukua nusu saa. Chini ya bega la kushoto palikuwa na vitanzi kama kumi na vitano vilivyobana kidogo zaidi ya vingine.

"Alijua kazi," alisema. Binti wa kaka yake alinyanyua kichwa. Hakuwahi kumsikia shangazi yake akimsifu fundi mwingine.

"Nimelivaa miaka kumi na tisa," alisema Mwalimu. "Kiraka kikiwa mgongoni muda wote huo."

Akalivaa. Akafunga vifungo mpaka juu, akaenda stendi kumpokea binti yake, manjano yakiwa mbele.