Fundi Asiyetikisika

Usiku ule tulikaa kwenye benchi nje ya wodi ya uzazi, tukingoja habari za binti yetu. Uchungu ulimshika tangu asubuhi, na daktari alitoka mara moja tu, kutuambia mtoto amekaa vibaya. Mimi roho ilikuwa juu juu, nikainuka nikawa naenda na kurudi. Mume wangu, fundi cherehani, alitoa sindano, akatandaza gauni la njano la mteja mapajani, akaanza kupiga pindo.

"Mama Mwalimu, kaa chini. Utatoboa sakafu."

"Na wewe kifuani una moyo, au kifuko cha pini?"

"Vyote viwili."

Ndivyo alivyo. Upepo ulipong'oa bati la kibanda chake, alikuwa akimpima mteja kiuno. Alitazama juu, akasema, "Afadhali, sasa rangi tutaiona vizuri," akaendelea kupima.

Binti yetu anafundisha Kiingereza, na ndiye aliyempatia baba yake neno. Mimi shule niliiacha mapema, lakini hilo nililishika: faze. Maana yake kumtikisa mtu mpaka utulivu umtoke. Alisema Waingereza wenyewe hulitumia zaidi kwa kukanusha: jambo fulani halikumtikisa fulani.

"Kama limetungwa kwa ajili ya baba," akacheka.

"Bila kukanusha halisemeki?"

"Linasemeka, mama. Ila kwa baba, mfano utaungoja sana."

Basi usiku ule nikawa namchungulia usoni. Hakuna kitu. Sindano inaingia, inatoka. Nikamwonea wivu, kisha hasira: kwani mtoto si wake pia?

Ghafla kelele za binti yetu zikakatika. Sindano ikasimama. Halafu ikaanza tena, mbio kama inafukuzwa. Nikateremsha macho kwenye pindo, nikaona.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Shona tu, Baba Mwalimu. Kazi nzuri."

Kikasikika kilio chembamba, cha hasira, cha mtu mpya. Kisha sauti ya binti yetu, imechoka lakini yake kabisa: "Mama yuko wapi?"

Mume wangu akaruka wima. Gauni la njano likaruka naye. Alikuwa amelishona kwenye suruali yake, mishono midogo midogo, imenyooka kama kawaida yake.

Nikaziba mdomo nisicheke. Mfano wa binti yangu nilikuwa nao tayari, wala haukuwa na kukanusha hata chembe.

"Fungueni basi!" akaita kwa sauti ya kutetemeka, akigonga mlango wa wodi, gauni likiburuzika mguuni.

Mlango ukafunguka.