Mikanda Miwili ya Bibi

Kila nikipokea mzigo wa ngozi kwenye karakana yangu hapa Arusha, huanza kwa kuinusa. Vijana ninaofanya nao kazi wameshanizoea, wanacheka pembeni. Ngozi za siku hizi zinanuka dawa za kiwandani, lakini mara mojamoja hupenya kipande kilicholainishwa nyumbani kwa mtu, chenye harufu ya samli iliyochacha. Hapo hapo narudi Babati, kwenye kibaraza chetu cha Maisaka, nikiwa msichana wa darasa la tatu mwenye hasira tele.

Hasira yangu ilikuwa na sababu. Mliokuwepo miaka ile ya themanini hamhitaji kuelezwa: dukani kulikuwa na rafu na mwuza duka, basi. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ilikuwa ya kunong'onezana, na nguo ndiyo usiseme. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na siku hizo kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza. Suruali ya baba ikawa kaptula ya mtoto, pazia likawa gauni. Mwaka wa Komunyo yangu ya Kwanza, akina mama wa parokia walimletea chochote cheupe walichokuwa wamekificha masandukuni. Kwa ajili yangu yeye alitoa shuka alilopewa siku ya harusi yake. Mimi, kwa kuwa ni mtoto wa fundi, niliwekwa mwisho. Halafu wiki yenyewe ya Komunyo, vitambaa vilivyobaki vikiwa vimeshakatwa na kupangwa mezani, mkanda wa cherehani ukakatika.

Cherehani ya miguu ina mkanda wa ngozi, mwembamba kama penseli, unaopeleka mwendo kutoka gurudumu kubwa la chini hadi gurudumu dogo la juu. Bila huo mkanda, cherehani ni meza tu. Mama alizunguka mji mzima kuutafuta, akarudi na vumbi. Baba alikuwa Kiteto kwenye mahindi. Nilikaa chini nikalia, si kwa huzuni bali kwa kuona kwamba mwenzangu Veronika ameshachukua gauni lake.

Bahati ikamleta Bibi, mama yake baba, aliyeteremka kutoka Mbulu kuja kuniona nikipokea. Bibi hakuipenda cherehani hata kidogo, aliiita "hiyo chuma". Kwake yeye kushona kulikuwa kushona ngozi, kazi aliyofundishwa alipokuwa mwari, na sketi yake ya harusi yenye shanga ilikuwa bado inazungumzwa na wazee wenzake. Aliposikia kilichokatika ni ngozi, uso ulimchangamka, akamgeukia mama.

"Mama Paskalina, kumbe hii chuma yako inakula ngozi? Mbona hukuniambia mapema?"

Akaenda mwenyewe kwa wachinjaji, akarudi na ngozi ya mbuzi. Aliikwangua, akaikanda kwa samli, akaipikicha baina ya viganja huku akiimba kwa sauti ya chini, akaikanda tena. Nyumba nzima ilinuka. Mbwa wa jirani alihamia kwetu. Bibi akakata ukanda mmoja mrefu, akaukunja, akaushona kwa nyuzi za mishipa ya ng'ombe, mshono mdogo mdogo usioonekana mpaka uinamie. Ulipokwisha, ulikuwa laini kiasi kwamba ungeweza kumfungia mtoto mchanga. Sijapata kuona kitu kizuri vile, na nimeona ngozi nyingi tangu hapo.

Mama akauvisha kwenye magurudumu, akakanyaga. Gurudumu la chini likazunguka, la juu likatulia tuli. Mkanda ulikuwa unateleza kwa samli. Akakanyaga tena, ukateleza tena.

Sasa ungekuwa wewe ungesemaje? Yule ni mama mkwe wako, amesafiri kutoka milimani, amekesha na kazi iliyompa heshima kwao tangu ujana wake. Mama alisema, "Ahsante sana, Mama," akaketi, akaanza kushona. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona anavyofanya: mguu ulikuwa unakanyaga bure, na mkono wa kulia ulikuwa unalisukuma gurudumu la juu, kidogo kidogo, huku wa kushoto ukiongoza kitambaa. Mshono ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Kufikia jioni bega lilikuwa limemvimba, na shuka langu halijaguswa. Nilitaka kupiga kelele. Mama akanitazama jicho moja tu, nikafyata ulimi.

Asubuhi Bibi alivuta kigoda akaketi mbele ya cherehani kuona kazi yake inavyokwenda. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mama Paskalina," akasema, "mbona mkono unafanya kazi ya mguu?"

Mama akainamisha kichwa. Bibi akagusa mkanda, akagusa gurudumu, akasugua kidole kwa kidole akiisikia samli. Nilidhani atakasirika. Badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Loo! Nimeilainishia chuma kama inakwenda kuolewa!"

Siku hiyo hiyo alirudi kwa wachinjaji akachukua ngozi ya shingo ya fahali. Hii hakuikanda wala hakuipa samli. Aliikata ingali mbichi, akaisokota, akaivuta juani kati ya nguzo na jiwe, kisha akaisugua jivu mpaka ikakwaruza mkono. Ulikuwa mkanda mbaya jamani, mgumu, wenye vinyweleo hapa na pale. Bibi aliukabidhi akiwa ameugeuzia uso pembeni.

"Wakikuuliza nani ametengeneza, usinitaje."

Mama akakanyaga. Cherehani ikalia kama mkokoteni, lakini ikaenda! Ikaenda mpaka Jumamosi jioni, magauni yote yakaisha, la mwisho likiwa langu. Nililivaa nikazunguka uani hadi nikaona kizunguzungu.

Kesho yake kanisani watu walinitazama mimi, au ndivyo nilivyoamini. Bibi alikuwa anamtazama mama. Mama alikuwa ameufunga ule mkanda laini kiunoni, ameuzungusha mara mbili juu ya gauni lake la kawaida, na akina mama wenzake walikuwa wanaupapasa na kuuliza umetoka wapi. "Ni kazi ya mama mkwe wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika. Nami nikaona ni mapambo tu. Nilikuwa mtu mzima, nina mkwe wangu mwenyewe, ndipo nilipojua mama alikuwa anamrudishia Bibi kitu gani mbele za watu. Niliwapenda wote wawili upya siku hiyo.

Mkanda laini ninao, umetundikwa ukutani kwenye karakana. Wateja huupiga picha. Juzi kijana wangu mmoja, mbunifu hodari, alikuwa ananionyesha mkoba aliouachia vinyweleo makusudi ili ionekane umetengenezwa kwa mkono. Nikamwuliza mkoba wenyewe unabeba nini. Akageuka kuutazama ukuta, akauliza kama ile ndiyo kazi bora ya bibi yangu.

Nikamwambia hapana, ile bora haipo. Tuliitumia ikaisha.