Kilima Kinachorudisha Udongo

Iko siku moja ya Salgaa, kile kituo cha malori, ambayo hainitoki akilini, mwanangu, ingawa siku nyingi zimeshapita juu yake. Nilikuwa kijana, tanboi wa lori, yule anayekaa kando ya dereva, anafunga turubai, anaweka mawe nyuma ya magurudumu na kutumwa chai. Shule nilikuwa nimeiacha katika darasa la sita. Haikunifukuza, wala mimi sikuichukia. Ni miguu tu iliyokuwa ikiniwasha. Nilitaka kujua barabara inaishia wapi, na mpaka leo sijajua.

Dereva wangu aliitwa Mzee Kiprono, mtu wa maneno machache na chapati nyingi. Mchana ule tulikuwa hotelini tukingoja chakula. Akaomba sinia kwa mwenye hoteli, akaiegemeza kwenye birika ikawa mteremko. Akakijaza kisanduku cha kiberiti maharagwe makavu, akakifunga uzi, akaniambia kisanduku ni lori lenye mzigo na uzi ni gia. Nilishushe.

Nilicheka, na madereva wa meza ya pili wakacheka nami. Nikamwambia mimi si mtoto wa kuchezea viberiti. Lakini mzee ni mzee, nikashika uzi. Nikafanya kama nilivyowaona wengi wakifanya kwenye ule mteremko mrefu wa huko, wanaotoa gia wakiwa juu ili lori litelemke lenyewe na dizeli ibaki. Nikalegeza. Kisanduku kikaondoka polepole, kisha si polepole tena, na nilipouvuta uzi kilikuwa kimeshika kasi. Kikapinduka. Maharagwe yakanimwagikia mapajani. Nikarudia, nikavuta mapema kidogo, kikapinduka tena. Kila mara mzee alinionyesha kwa kidevu tu: okota, jaza, anza. Hatimaye nilielewa kwa vidole kabla sijaelewa kwa kichwa kwamba lori huzuiwa kule juu, likiwa bado linakusikiliza.

Ndipo akasema, huku akimega chapati, "Cheka tu, kijana. Hapa ukianguka unaokota maharagwe. Kule chini ukianguka, unaokotwa wewe."

Baadaye nilikuja kuendesha lori mimi mwenyewe. Nimeshuka mteremko ule jua likiwaka na ukungu ukiwa umetanda, nikapita malori yaliyolala ubavu huku watu wamesimama kando na mikono kichwani. Kila nilipofika pale juu, vidole vyangu vilikumbuka uzi.

Sikukaa kwenye lori milele. Mtu wa aina yangu hakai. Nimebeba mabomba ya mvuke Olkaria, ambako ardhi hupumua kama ng'ombe aliyelala, nimepaka rangi nyumba za watu Nakuru mjini, nimefuga nyuki wakanishinda. Mwaka jana nikajikuta Kabazi, juu ya ngazi, nikifunga mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye paa la shule ya msingi. Ngazi yangu ilikuwa kando ya dirisha la darasa la sita, darasa lile nililoishia mimi. Na kwa kuwa macho hayana pazia, nilitazama ndani.

Mwanangu, sikujua niite nini nilichokiona. Watoto walikuwa wameketi wawili wawili, kila jozi na kishikwambi chake, ile tableti unayoijua wewe. Katika kioo mlikuwa na kilima. Si picha ya kilima, bali kilima chenyewe, chenye nyasi zinazoyumba na mto chini yake. Kilikuwa kimegawanywa mashamba marefu membamba, kutoka barabarani juu hadi mtoni, kama yalivyo mashamba yetu. Mtoto alilima kwa kidole. Alipanda. Kisha mawingu yakaja, mvua ikanyesha katika kile kioo, na udongo ukaanza kushuka. Niliuona ukishuka. Ulikuwa mwekundu, ukafika mtoni, mto ukawa kama chai, na juu pakabaki mawe. Watoto wakaguna kwa pamoja. Msichana mmoja akashika kichwa kama mwanamke aliyefiwa. Halafu akabonyeza kitu pembeni, na kilima kikarudi kizima, na udongo wake wote, kikimngoja.

Nilishuka ngazi nikakaa juu ya ndoo. Wazee wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nimeishi kwa neno hilo umri wangu wote. Sasa nilikuwa nimeona mahali ambapo yanazoleka. Nikasikia harufu ya chapati za Salgaa.

Mwalimu wao, msichana aitwaye Chepkoech, alinikuta pale akadhani nimeugua. Nilipomweleza, alicheka, akaniruhusu nikae nyuma ya darasa kazi ikiisha. Nilikaa siku nyingi kuliko mifereji ilivyohitaji. Niliona mambo. Niliona kwamba hakuwaacha wacheze tu. Baada ya kila mvua aliwaambia wazime vioo, akauliza kwa nini, akawapeleka kwenye ubao kupima mwinuko na kugawanya magunia. Niliona pia kwamba mtoto aliyekosea hakuinamisha uso. Zamani zetu kukosea kulikuwa na fimbo yake. Hawa walikosea, wakajikuna, wakarudi. Kuteleza si kuanguka: methali hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi, lakini ndiyo kwanza niione ikifanya kazi.

Lakini palikuwa na jambo. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Kamau, alitaka vishikwambi vifungiwe kabatini na funguo apewe yeye. Usimdharau. Pale senta kuna kibanda cha gemu za pesa, na vijana wa mji huo wamepotezea hapo pesa za mbolea za wazazi wao. Kwake gemu ni gemu. Alisema mtoto hatumwi shule kubonyeza kioo, na wazazi wengi waliitikia. Mkutano ukaitwa Ijumaa, na Chepkoech alijua kilima chake kilikuwa kinaelekea kabatini.

Kamau alikuwa na mdogo wake, Mwangi. Baba yao alipata shamba wakati mzungu alipoondoka na watu wakagawana. Alipofariki, shamba likapasuliwa katikati, juu hadi mtoni, na mpaka ukapandwa yale maua ya matoka ambayo kuyang'oa ni kujitafutia laana. Kwa kuogopa kuyagusa, kila ndugu alilima kwa urefu wa kipande chake, mifereji ikielekea chini. Ukichimba tuta la kukata mlima, linakufikisha kwa ndugu yako, na utaambiwa unanyemelea mpaka. Basi mvua ikapata njia. Korongo likafunguka kando ya matoka, likawa linakula pande zote mbili. Kamau alisema maji ni ya Mwangi. Mwangi alisema ni ya Kamau. Wakaacha kusalimiana, hata kanisani.

Wanjiru, binti wa Kamau, na Kuria, mwana wa Mwangi, walikuwa jozi moja darasani.

Ijumaa wazazi walikuja, wakabanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, watoto wenyewe wamesimama nyuma yao. Mwalimu hakuhutubia. Alisema atatoa funguo yeye mwenyewe, bila kinyongo, ila kwanza kila mzazi akae mahali pa mtoto wake acheze mvua moja. Kamau hakutaka. Mimi, mtu wa kupita, sikuwa na haki ya kunena, lakini umri una ruhusa zake. Nikasimama nikawasimulia kiberiti cha Mzee Kiprono, kama nilivyokusimulia wewe. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Mwenyekiti, keti bana. Ama unaogopa mchezo ya watoto?"

Akaketi. Hapo ndipo akaona aliyeketishwa upande wa pili wa kioo kile kile. Mwangi alikuwa amekazia macho dirishani kama anayehesabu ndege.

Kamau alilima kwa kidole kinene, na alilima kama nyumbani, kutoka juu moja kwa moja hadi mtoni. Mwangi akafanya vivyo hivyo kwa upande wake. Mvua ikaja. Sijui aliyetengeneza kitu kile alitoka wapi, lakini korongo lilifunguka pale pale kwenye mpaka.

"Woi," yule mama akasema, "Mwenyekiti amelisha samaki shamba yote."

Watu wakacheka, na Kamau hakucheka. Aliinama karibu na kioo mpaka kofia ikamtoka. Nadhani alikuwa ameliona shamba la baba yake kutoka juu, kama anavyoliona mwewe, na yeye alikuwa hajawahi. Akarudisha kilima. Safari hii akachimba matuta, yale ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, kama sote tulivyoambiwa tangu utotoni, akayakatiza vizuri, yakaishia kwenye matoka. Mvua ikaja, ikajaa katika matuta yake, ikatiririka hadi mwisho wake, na huko kwenye mpaka ikaanguka yote kwa pamoja. Korongo likawa baya kuliko la kwanza.

Akakirudisha kilima tena. Wanjiru, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akamwinamia sikioni, lakini sote tulisikia.

"Baba, peke yako hutaweza. Hata mimi nilishindwa. Lazima tuta yako na ya upande wa Kuria zikutane."

"Na matoka?"

"Matoka tunaacha. Maji inapita katikati yao polepole tu. Haing'oi."

Kamau alichimba tuta lake la kwanza. Kidole kikafika kwenye mpaka kikasimama. Mimi nilikuwa nimeushika ukingo wa dawati kama niliye ndani ya lori. Kisha, bila kuinua macho, akamwambia ndugu yake neno la kwanza baada ya miaka.

"Chimba."

Mwangi akageuka kutoka dirishani. "Wapi?"

"Hapo. Sawa na mimi."

Kidole cha pili kikaja. Tuta likavuka. Wakashuka hivyo pamoja, moja baada ya jingine, hadi mtoni. Mvua iliponyesha ilikuwa kubwa, nayo iliingia katika matuta yale, ikalala. Hakuna kilichoshuka. Maji ya mto yalibaki kama kioo. Mwanangu, nimeona mvuke wa Olkaria ukipasua ardhi na kupanda mbinguni, nikafikiri hakuna cha kunishangaza tena. Lakini nilipoona wazee wawili wakitazama mvua ya uongo isiyochukua udongo wao, nywele za mikono zilinisimama.

Funguo hazikuombwa. Kamau alisema tu kwamba gemu za pesa zisionekane humo, na mwalimu akamwonyesha kuwa hazimo. Akasema pia kwamba watoto wachimbe tuta la kweli nyuma ya shule, maana kidole hakitoi jasho. Hilo nililipenda. Alikuwa bado mwenyekiti.

Nilirejea baada ya mvua ya Aprili, kwa kisingizio cha kukagua mifereji. Nilishuka hadi kwenye shamba lile. Sikuambii walikuwa wanakumbatiana. Walikuwa wanasalimiana, na hiyo yatosha kwa mwaka mmoja. Lakini matuta yalikuwapo, yamevuka kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na katikati ya kila tuta matoka yalikuwa yamesimama, miguu kwenye maji yaliyotulia. Ndani ya korongo majani yalikuwa yameanza kuota.

Sasa nisikilize, wewe utakayefundisha na wewe utakayefundishwa. Usidharau mchezo kwa sababu ni mchezo. Uliza unamfundisha nini anayeshindwa. Mchezo unaomwachia mtu mifuko mitupu, ukimbie. Ule unaomrudishia udongo wake na kumwuliza kwa nini ulikwenda, huo ni mwalimu, hata kama unang'aa na kulia kama ndege. Cheza na aliye kando yako, si dhidi yake tu, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Na ukishaweza kwenye kioo, inuka uende shambani, kwa maana kule ndiko mvua ilipo. Angukia mahali pa kuokota maharagwe, ili siku ya mteremko mwenyewe vidole vyako viwe vinakumbuka.

Haya, nenda. Mungu akupe kilima kizuri na jirani wa kuchimba naye. Makosa yako yawe madogo na ya mapema, mvua yako ilale shambani mwako, na mto wako upite mweupe hadi kwa wajukuu wa watu usiowajua.